Sevisi ya Gari: Kukagua Si Kumdhania Mtu Vibaya



Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu inaingia mahali ambapo si kawaida yake kuingia, nako ni chini ya boneti ya gari. Usidhani kwamba tumeyaacha mambo ya familia. Gari ndilo linalowapeleka watoto madrasa, ndilo linalomkimbiza mgonjwa hospitali usiku, na siku za Idi ndilo linalobeba nyumba nzima kwenda kuwaona wazee. Kwa hiyo anayelitengeneza gari la familia ameshika mkononi mwake roho za watu, na anayemlipa anapaswa kujua amelipia nini.

Jambo lenyewe limetokea katika ukoo wangu. Nimemwomba mdogo wangu idhini ya kulisimulia, naye amekubali kwa sharti kwamba karakana ile isitajwe jina. Nimelipokea sharti hilo, na mwisho wa makala msomaji ataona kwa nini lilikuwa sharti la haki.

Mdogo wangu ni mjane. Mume wake, Allah amrehemu, alimwachia watoto watatu na gari moja la petroli, lililoagizwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Marehemu alikuwa mtu wa kuweka kumbukumbu. Alikuwa na daftari la mafuta, daftari la matengenezo, na tabia moja ambayo sisi tulikuwa tukiicheka: kila filta mpya ya hewa ilipowekwa, aliandika pembeni mwake, kwa kalamu ya wino mzito, tarehe na kilomita za siku ile.

Eda ilipokwisha, mdogo wangu alilipeleka gari kwenye karakana ya wakala wa magari hapa Dar es Salaam, palepale mumewe alipokuwa akilipeleka. Aliomba sevisi kubwa. Jioni alipewa funguo pamoja na ankara iliyochapwa vizuri: oili ya injini, filta ya oili, filta ya hewa, filta ya kiyoyozi, plagi nne, mafuta ya breki, na mwisho breki kukaguliwa na kusafishwa. Alilipa fedha zote. Kwa mama anayelea mayatima watatu, zilikuwa fedha za kupigiwa hesabu mara mbili. Zilikaribia ada ya muhula mzima ya mtoto wa kati.

Siku ya nne breki zikaanza kulia. Mtoto mkubwa, kijana wa kidato cha pili, alisema mlio ule ni wa chuma kukwaruza chuma. Na safari ya Lushoto, nyumbani kwa wazazi wa marehemu, ilikuwa imebakiza siku tisa. Aliyewahi kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto anaijua barabara ile: mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, na kona baada ya kona. Kupanda ni kazi ya injini, na kushuka ni kazi ya breki.

Mdogo wangu akanipigia simu. Hakuanza na breki. Alianza hivi: "Kaka, wale watu nimewalipa na wamenipa karatasi. Nikifungua gari kuangalia kama kweli wamefanya kazi, si nitakuwa nimewadhania vibaya Waislamu wenzangu?"

Nilimwambia nitakwenda Jumapili. Tulipofika kwenye gari, mpwa wangu alifungua vibanio vya boksi la filta ya hewa, akaitoa. Ilikuwa nyeusi kwa vumbi, na mikunjo yake imeshikana. Akaigeuza pembeni, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjomba, huu ni mwandiko wa baba."

Tarehe ilikuwa ya karibu miaka miwili nyuma. Ankara ilisema filta hiyo imebadilishwa siku nne zilizopita.

Sasa turudi kwenye swali la mama yule, maana najua wapo wengi wenye swali kama lake. Tumefundishwa kujiepusha na dhana mbaya, na ni kweli. Lakini imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Huraira, kwamba Mtume (SAW) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, na vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali kuna nini. Yule akajibu kwamba kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asikiweke kilicholowa juu watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake.

Ndugu msomaji, tazama mpangilio wa kisa hiki. Kwanza mkono, kisha swali, kisha hukumu. Hakuanza kwa kumwita mtu mwizi, wala hakuridhika na kuutazama uso wa rundo. Dhana mbaya ni kuhukumu kabla ya kuingiza mkono. Anayekagua kwa uadilifu anaifukuza dhana, kwa sababu baada ya kukagua hana tena haja ya kudhani. Anajua.

Nami nitafuata mpangilio huohuo, nikianza na mkono. Ukaguzi huu unaanza kabla gari halijaondoka nyumbani, na hauhitaji ufundi.

Soma kitabu cha gari lako, au omba karakana ikupe ratiba ya matengenezo ya aina hiyo ya gari, hasa kama lako lilikuja na kitabu cha Kijapani au halikuja na kitabu kabisa. Ratiba hutofautisha mambo mawili ambayo wateja wengi huyachanganya: kukagua na kubadilisha. Panapoandikwa kwamba mkanda utakaguliwa, usitegemee kukuta mkanda mpya, wala usimlaumu fundi kwa kutoubadilisha. Nusu ya magomvi ya gereji hutokana na mteja kudhani amenunua ambacho hakununua.

Kisha piga picha kwa simu: kilomita zinazosomeka kwenye deshibodi, kiwango cha petroli, na oili ilivyo kwenye kijiti chake. Injini ikiwa imepoa, weka nukta ya rangi ya kucha kwenye filta ya oili ikiwa mkono wako unaifikia. Kwenye filta ya hewa andika tarehe, kama alivyofanya marehemu. Ikiwa matairi yatahamishwa, ya mbele kwenda nyuma, yawekee alama ya chaki. Alama hizi si mtego, na huna haja ya kuzificha. Ukipenda mwambie fundi kwamba zipo. Fundi mwaminifu hazitamsumbua, na aliyekuwa akisitasita zitamsaidia kuamua.

Ukifika mapokezi, omba vipuri vya zamani virudishwe, na ombi hilo liandikwe kwenye karatasi ya kupokelea gari kabla kazi haijaanza. Ukisubiri jioni, filta yako itakuwa imechanganyika na za magari mengine kwenye pipa. Ombi hili si ukorofi. Katika jimbo la California, Marekani, sheria inampa mteja haki ya kurudishiwa vipuri vilivyotolewa kwenye gari lake, ilimradi aombe wakati kazi inapoandikishwa. Hapa kwetu muungwana yeyote wa biashara atalikubali bila ubishi.

Taka pia ankara itaje kila kitu kwa jina, idadi na bei, pamoja na aina ya oili na lita zake. Injini nyingi za magari madogo ya petroli huchukua kati ya lita tatu na tano. Kama kitabu kinasema nne na ankara inasema sita, una swali la kuuliza. Dai na risiti ya mashine ya EFD, maana bila risiti huna pa kusimamia siku ya mashitaka. Na asikuambie mtu kwamba kuandikiana ni kutoaminiana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni, na walioteremshiwa kwanza walikuwa Masahaba, watu wasiotiliwa shaka kwa uaminifu wao.

Wakati wa kulichukua gari, usilipe kabla ya kulitazama. Gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika chache, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, ukichomoe tena. Katika injini ya petroli, oili mpya ina rangi ya asali na unaweza kuona kupitia humo. Kiwango kiwe kati ya alama mbili. Oili iliyozidi alama ya juu ni kosa kama iliyopungua. Lakini mwenye gari la dizeli awe mwangalifu asidhulumu, kwa sababu oili ya dizeli huwa nyeusi mapema sana baada ya kumwagwa, kutokana na masizi yaliyobaki ndani ya injini. Weusi wake si ushahidi wa kitu.

Kisha tazama filta ya oili. Ikiwa mpya itakuwa safi na maandishi yake yanasomeka, na nukta yako ya rangi haitakuwepo. Filta ya hewa umekwisha kuona inavyofunguliwa. Hata mtoto anaweza. Filta ya kiyoyozi katika magari mengi iko nyuma ya kijisanduku kilicho mbele ya abiria. Plagi ni vigumu kuziona, kwa hiyo hizo zitazame mkononi, zile za zamani ulizoomba zirudishwe.

Mafuta ya breki yamo katika chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga, karibu na upande wa nyuma wa injini. Yatazame bila kufungua kifuniko, kwa kuwa mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. Mapya ni meupe yenye umanjano mdogo, na yaliyochoka huwa ya kahawia. Watengenezaji wengi huagiza yabadilishwe kila baada ya takriban miaka miwili, na sababu yake ni nzito: yakishanyonya maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Katika mteremko mrefu breki zikipata moto, mvuke huingia ndani ya mabomba, na pedali huzama chini ya mguu bila gari kusimama.

Pedi za breki unaweza kuziona kupitia matundu ya rimu ukitumia tochi ya simu. Pedi mpya huwa na unene wa kiasi cha milimita 10, na ikibaki milimita 3 wakati wake umefika. Pedi nyingi zimewekewa kijiulimi cha chuma ambacho, pedi ikiisha, hukwaruza diski na kulia. Mlio ule ni mwadhini anayekuita. Usiongeze sauti ya redio.

Wala usidanganywe na taa ya sevisi iliyozimwa au stika mpya kwenye kioo. Katika magari mengi taa ile huhesabu kilomita au siku tu, na fundi huirudisha mwanzo kwa kubonyeza vitufe. Haioni kama oili ni mpya. Stika nayo huonyesha tu kwamba kuna mtu aliyeandika.

Hayo ndiyo mambo ya mkono. Yapo ambayo mkono wako hautayafikia: nati iliyokazwa kwa kipimo chake, grisi iliyopakwa mahali pa siri, bomba lililochunguzwa kama lina ufa. Hapo hakuna picha wala rangi ya kucha. Hapo imebaki amana ya fundi na Mola wake. Ndiyo sababu ya kuyakagua yanayoonekana, kwamba aliyekuwa mkweli katika yanayoonekana una haki ya kumwamini katika yasiyoonekana.

Sasa tuje kwenye swali. Jumatatu asubuhi tulikwenda karakana, mdogo wangu, kijana wake na mimi. Tulikubaliana njiani kwamba hakuna atakayetamka neno "wizi". Tulibeba ankara, risiti, na filta yenye mwandiko. Hatukuzungumza mapokezi mbele ya wateja. Tulimwomba meneja faragha, tukaweka vitu mezani, na mdogo wangu akauliza swali moja: "Karatasi inasema hii imebadilishwa. Tarehe hii ni ya marehemu mume wangu. Naomba unieleze."

Meneja aliisoma ile tarehe mara mbili. Akaagiza gari linyanyuliwe mbele yetu. Oili ilikuwa mpya kweli, na filta yake mpya kweli. Plagi zilikuwa zilezile. Mafuta ya breki yalikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Pedi za mbele zilikuwa zimebaki chini ya milimita 2. Akaitwa fundi aliyetia saini, kijana wa miaka ishirini na kitu. Hakukana. Siku ile, alisema, alikuwa na magari mengi, alimaliza ya oili, ya mengine akaweka tiki akitaraji kuyarudia. Filta na plagi zilizotolewa stoo zilikuwa bado kwenye kabati lake, ndani ya maboksi yake. Alitaka kuzifanyia nini, Allah ndiye ajuaye, na haikuwa kazi yetu kupasua kifua chake.

Meneja naye, kwa haki yake, hakumtwisha kijana mzigo wote. Alikiri kwamba mafundi wake hupata nyongeza kwa idadi ya magari wanayoyatoa, na kwamba ankara huchapwa asubuhi kutokana na kifurushi cha sevisi, kabla hata bolti moja haijafunguliwa. Mpango wa namna hiyo humwekea fundi jaribu mbele kila siku. Walifanya kazi yote upya mbele ya macho yetu kwa muda wa saa mbili na nusu. Pedi mpya tulilipia, kwa kuwa hazikuwamo katika ankara ya kwanza. Gharama ya ufundi wa yale yasiyofanyika ilirudishwa.

Ndiyo maana nilisema sharti la kutotaja jina lilikuwa la haki. Waliulizwa, wakakiri, wakatengeneza. Lau wangekataa, tungeandika barua kwa uongozi wa juu wa wakala, na baada ya hapo tungekwenda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina wajibu wa kumlinda mlaji. Msomaji aijue njia hiyo na asiione aibu kuifuata. Kunyamazia ghushi kwa kisingizio cha subira kunamwachia mjane mwingine alipe tena kesho kwa kazi isiyofanyika.

Na nduguzo mafundi wanaosoma safu hii, ambao najua wapo, nina ombi kwenu. Msingoje kuombwa. Wekeni filta ya zamani ndani ya boksi la ile mpya, muiweke kwenye buti la gari, na mmwite mteja achungulie kijiti cha oili kabla hajalipa. Dakika tano hizo zitawaletea wateja ambao tangazo la redio halitawaletea. Waadilifu miongoni mwenu ni wengi, na ninyi ndio wa kwanza kuumizwa na anayeweka tiki asipofanya kazi.

Familia ile ilikwenda Lushoto, ikarudi salama, alhamdulillah. Kijana ananiambia kwamba wakati wa kushuka mama yake alikuwa akivuta uradi kwa sauti ndogo, lakini pedali ilikuwa ngumu na gari likasimama kila lilipotakiwa kusimama.

Limebaki jambo moja. Tulipokuwa tunaondoka karakana, fundi alitaka kuitupa ile filta nyeusi. Mdogo wangu aliiomba, akaifunga katika mfuko wa plastiki. Kabla filta mpya haijawekwa, mpwa wangu alikuwa ameomba kalamu ya wino mzito pale ofisini, akaandika pembeni mwake tarehe na kilomita. Mwandiko wake unaegemea kulia, kama wa baba yake.

Tumuombe Allah awarehemu waliotutangulia, na atuwafikishe kuwa wakweli katika kazi za mikono yetu. Tukutane wiki ijayo, in sha Allah.

Wabillahi tawfiq.